MAISHA YA EDWIN ARMSTRONG, MTU ALIYE NDANI YA TELEVISHENI



Kila mmoja wetu amekwisha kuona televisheni ya zamani iliyofunguliwa nyuma, kwa fundi wa kando ya barabara ao katika laboratwari ya fizike. Ndani yake, karibu na pahali pa kuingiza antena, kuna kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa vizuri. Fundi anagusa vitu vingine vyote bila wasiwasi, lakini kile kisanduku anakiheshimu. Ndicho kinachochagua vituo. Kikiharibika, kioo kinajaa theluji na makelele tu.

Tukiuliza nani alivumbua radio, wengi watajibu Marconi. Tukiuliza nani aliweka akili ndani ya kile kisanduku, darasa lote linanyamaza. Njo maana safari hii tumechagua kuwaeleza maisha ya Edwin Howard Armstrong. Yeye hakutengeneza televisheni. Lakini mambo matatu aliyovumbua kwa ajili ya radio yaliingia yote matatu ndani ya televisheni. Tena maisha yake iko na fundisho kubwa kwetu: alishinda makelele ya radi, lakini hakushinda uchungu uliokuwa ndani ya moyo wake.

1. UTOTO WAKE

Armstrong alizaliwa tarehe 18 Desemba 1890 katika mji wa New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti wa kanisa la Presbiteri. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Baba yake alifanya kazi katika tawi la Marekani la nyumba ya vitabu ya Oxford, iliyochapa Biblia na vitabu vya masomo.

Alipokuwa na miaka karibu 8 alishikwa na ugonjwa unaotetemesha viungo vya mwili. Wazazi walimtoa shuleni, akasoma nyumbani muda wa miaka miwili. Ugonjwa ulipona, lakini maisha yake yote bega na mdomo vilicheza-cheza kila mara alipochangamka ao kukasirika. Mtoto asiyeweza kucheza na wengine huzoea kukaa peke yake na kufikiri. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Mwaka 1902 jamaa yake ilihamia Yonkers, kaskazini ya New York, katika nyumba iliyo juu ya mto Hudson. Baba alimletea kitabu juu ya wavumbuzi, na kisha kusoma habari za Marconi kijana akaamua kuwa mvumbuzi. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alisimamisha mlingoti wa antena wenye urefu wa metere 38 hivi, akawa anaupanda mwenyewe, akivutwa juu kwa kamba. Majirani waliogopa. Yeye hakuogopa urefu hata kidogo.

2. UVUMBUZI WA KWANZA: KURUDISHA SAUTI NYUMA

Mwaka 1909 aliingia katika Iniversite ya Columbia kusoma elektrisite. Alikwenda kule kila siku na pikipiki nyekundu. Mmoja wa maprofesere wake alikuwa Michael Pupin, mhamiaji kutoka Ulaya ambaye naye alikuwa mvumbuzi.

Wakati ule kulikuwa na lampi moja ya radio iliyoitwa odion, iliyovumbuliwa na Lee de Forest mwaka 1906. Lampi ile ilisikia mawimbi ya radio, lakini kwa udhaifu, na hata mwenye kuitengeneza hakufahamu vizuri namna inavyofanya kazi. Armstrong aliipima kwa uvumilivu, sehemu kwa sehemu. Mwaka 1912 akajaribu jambo hili: nguvu inayotoka katika lampi, akaichukua sehemu kidogo na kuirudisha mlangoni pa lampi ile ile. Inaingia tena, inakuzwa tena, inarudi tena. Usiku mmoja, vituo vya mbali vilivyokuwa vinasikika kama mbu vikasikika kwa nguvu katika chumba chote.

Akaona jambo la pili. Kama ukirudisha nguvu nyingi kupita kiasi, lampi inaanza kupiga filimbi. Maana yake imeacha kusikia tu, sasa inatoa mawimbi yake yenyewe. Lampi moja ikakuwa sikio na kinywa. Mshike jambo hili, sababu tutalirudia.

Alimwomba baba yake feza za kupata breve, ndiyo hati ya serikali inayolinda uvumbuzi wa mtu. Baba akakataa: amalize kwanza masomo. Kijana akauza pikipiki yake, lakini feza hazikutosha. Mjomba wake akamshauri angalao achore mchoro wake na kuutilia muhuri mbele ya mwandishi wa serikali. Akafanya hivyo tarehe 31 Januari 1913. Breve yenyewe aliiomba katika Oktoba 1913, akaipata mwaka 1914. Kule kukawia kulimletea matata ya miaka ishirini, sababu de Forest naye alisema kwamba jambo lile alikuwa amelipata mbele, katika Agosti 1912.

3. UVUMBUZI WA PILI: MKALIMANI MLANGONI

Marekani ilipoingia katika vita ya kwanza ya dunia mwaka 1917, Armstrong akakuwa kapiteni katika jeshi, akatumwa Paris, Ufaransa. Kazi yake ilikuwa mambo ya radio. Shida ilikuwa hii: mawimbi yenye frekansi ya juu sana, lampi za wakati ule hazikuweza kuyakuza. Zilikuwa nzito, kama mzee anayeombwa kucheza ngoma ya vijana.

Mwaka 1918 akapata jibu. Kama lampi haziwezi kupanda kufikia mawimbi, basi tuyashushe mawimbi mpaka pahali lampi zinapofanya kazi vizuri. Ndani ya apareyi akaweka lampi ndogo inayotoa wimbi lake yenyewe, kwa ile filimbi aliyoiona mwaka 1912. Wimbi la antena na wimbi la ndani vinachanganywa, na katika mchanganyiko ule linatokea wimbi jipya ambalo frekansi yake ni tofauti kati ya yale mawili. Namna hii iliitwa superheterodini.

Tufikiri mfano huu. Watu wanakuja hospitali kutoka vijiji vingi, kila mmoja na luga yake. Badala ya kumfundisha kila munganga luga zote, tunaweka mkalimani mmoja mlangoni. Yeye anageuza kila luga kuwa luga moja tu, na ndani kila munganga anafanya kazi kwa luga ile anayoijua vizuri. Mkalimani ndiye ile lampi ndogo.

Sasa turudi kwa televisheni. Katika televisheni nyingi za namna ya Ulaya, luga ya ndani kwa picha ilikuwa megahezi 38,9. Kituo cha chaneli 5 kilileta picha kwa megahezi 175,25. Ukizungusha butoni kwenye 5, kisanduku kinatoa wimbi lake la 214,15. Ondoa 175,25, inabaki 38,9. Ukienda chaneli 6, picha inakuja kwa 182,25, kisanduku kinapanda mpaka 221,15, na tofauti ni ile ile 38,9. Mwenye mashaka achukue kalamu ahesabu. Kwa hiyo butoni ya vituo haibadilishi apareyi yote. Inabadilisha mkalimani tu. Sehemu zote zingine za kukuza na kuchuja zinabaki pahali pamoja, zimetengenezwa kwa frekansi moja, njo maana zinaitenga chaneli moja na jirani yake vizuri.

Mafundi waliokuja nyuma waliongeza mengi juu ya msingi huo. Sababu mkalimani akipata joto anateleza kidogo na picha inaharibika, walitengeneza mzunguko unaopima kosa na kumrudisha wenyewe, bila mkono wa mtu. Kisha wakaondoa butoni ya kuzungusha, wakatia diodi inayobadilika kwa voltaji, na hapo kubadilisha kituo kutoka mbali, mtu akiwa amekaa katika kiti, kukakuwa rahisi zaidi. Lakini yote hayo ni kumwongoza mkalimani. Mkalimani mwenyewe ni wa mwaka 1918.

4. FEZA, NDOA NA MARAFIKI

Ufaransa ikampa heshima ya Legion d'honneur, na jeshi likamfanya majori. Aliporudi nyumbani, kampani ya Westinghouse ikanunua breve zake mbili mwaka 1920 kwa dolari 335.000. Mwaka 1922 kampani ya RCA ikanunua uvumbuzi mwingine wake, ikampa feza na hisa nyingi, hata akakuwa mtu mwenye hisa nyingi kupita wote katika kampani ile.

Mkubwa wa RCA aliyemjua sana alikuwa David Sarnoff, mtoto maskini aliyetoka Urusi na kupanda kwa bidii yake. Walikuwa marafiki tangu 1914, walipokesha pamoja katika baridi wakipima apareyi ya kwanza ya Armstrong. Katika ofisi ya Sarnoff ndipo Armstrong alipomwona sekretere, bibi Marion MacInnis. Mwaka 1923 alipanda juu kabisa ya mlingoti wa RCA, juu ya nyumba ndefu katikati ya New York, akapigwa picha kule na kumpelekea Marion. Sarnoff alikasirika sana. Marion alikubali ndoa. Walioana katika Desemba 1923, na zawadi ya bwana harusi ilikuwa radio ya superheterodini ya kubeba mkononi, ya kwanza ya namna yake.

5. UVUMBUZI WA TATU: KUISHINDA RADI

Sisi tunaoishi mashariki ya Congo tunajua radi. Zamani, kusikiliza radio ya mawimbi mafupi wakati wa mvua ilikuwa taabu: kra-kra-kra, na habari zimepotea. Sababu ni hii. Katika radio ya zamani sauti inapandishwa juu ya wimbi kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi. Radi nayo inabadilisha ukubwa wa wimbi. Apareyi haiwezi kujua ipi ni sauti ya mtangazaji, ipi ni radi.

Wataalamu wakubwa walikwisha kuandika kwa hesabu kwamba hakuna dawa. Armstrong alifanya kazi miaka mingi chini ya jengo moja la Columbia, bila kuchukua mshahara wa kweli. Akaamua kuacha ukubwa wa wimbi bila kuugusa, na kubadilisha frekansi yake, tena kwa upana mkubwa. Apareyi inakata kila kitu kinachocheza na ukubwa, radi inaanguka hapo, na sauti inabaki safi. Tarehe 26 Desemba 1933 alipata breve zake za FM. Katika Novemba 1935 aliwaonyesha wataalamu wenzake katika mkutano: wakasikia maji yakimiminwa katika bilauri na karatasi ikikunjwa kilometa nyingi kutoka pale, kama vile vilikuwa mbele yao mezani.

RCA ilimpa nafasi ya kupima FM juu ya jengo la Empire State mwaka 1934. Mwaka 1935 ikamwomba aondoe vyombo vyake, sababu ilitaka pahali pale kwa majaribio ya televisheni. Hakuvunjika moyo. Kwa feza zake mwenyewe akajenga kituo kule Alpine, New Jersey, na mlingoti wa metere zaidi ya 120. Mwaka 1940 serikali ikakubali FM, na wakati huo huo ikachaguliwa FM kwa sauti ya televisheni ya Marekani. Nchi nyingi zikafuata. Kwa hiyo ndani ya televisheni moja kukawa na lampi inayotoa wimbi, kukawa na mkalimani, na sauti ikawa FM. Yote matatu ni kazi ya mtu mmoja.

6. MIAKA YA TRIBINALI

Hapa tunafika kwenye sehemu yenye huzuni. Tumefikiri kama tuiache ao tuiandike, tukaona ni vema kuiandika.

Kwanza ni kesi na de Forest. Armstrong alikuwa ameshinda katika tribinali za kwanza. De Forest hakuwa na feza za kulipa gharama, na watu walimshauri Armstrong amsamehe zile feza ili kesi ifungwe. Akakataa. Alipandisha hata bendera yenye namba ya breve yake juu ya antena ya Yonkers. Sababu kesi haikufungwa, de Forest alipata njia ya kuifungua tena, na mwaka 1934 Tribinali Kuu ya Marekani ikampa haki de Forest. Wataalamu wengi waliona majaji hawakufahamu fizike ya jambo lile. Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa wainjinia kuwarudishia medali waliyompa mwaka 1917 kwa uvumbuzi huo. Wakakataa kuipokea, wakasimama wote kumpigia mikono.

Ya pili ni kesi na RCA. Mwaka 1940 kampani ile ilitaka kumlipa dolari milioni moja, mara moja tu, ili itumie FM. Armstrong akakataa, sababu kampani zingine zilikuwa zinamlipa sehemu ya kila apareyi, na aliona si haki mkubwa alipe namna ya pekee. Wakati wa vita ya pili aliacha jeshi la nchi yake litumie breve zake bure. Kiisha vita, mwaka 1945, serikali ikahamisha FM kwenye frekansi zingine, megahezi 88 mpaka 108, na apareyi zote zilizokwisha kununuliwa, pamoja na vituo, zikakuwa bure. RCA na kampani zingine ziliuza televisheni nyingi zenye sauti ya FM bila kumlipa.

Katika Julai 1948 akaishtaki RCA. Maavoka wa kampani walimwuliza maulizo siku kwa siku, mwezi kwa mwezi. Wakati huo breve zake zilikuwa zinaisha muda, na feza zake zinaisha vilevile. Hakuzungumza tena jambo lingine. Marafiki walipungua. Katika Novemba 1953, jioni ya sikukuu ya shukrani, bibi yake alimwomba akubali kumaliza matata wapate kupumzika. Hasira ikampanda, akampiga kwenye mkono. Marion, baada ya miaka 30 ya ndoa, akaondoka kwenda kwa dada yake.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1954, akiwa peke yake, Armstrong alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 63. Aliacha barua ya kumwomba bibi yake msamaha na kuomba rehema ya Mungu. Ilikuwa miaka 41 kamili tangu siku aliyotia muhuri mchoro wake wa kwanza.

7. KILICHOFUATA

Marion hakuacha kesi, lakini aliifanya kwa namna ingine. Kabla mwaka ule kwisha, alikubali RCA imlipe dolari milioni moja na zaidi kidogo, karibu sawa na zile zilizokataliwa mwaka 1940. Kiisha akaendelea na kampani zingine moja moja, kwa utulivu. Ya mwisho, Motorola, ilishindwa mwaka 1967. Alishinda zote. Alifariki mwaka 1979.

Mlingoti wa Alpine haukuanguka. Minara ya New York ilipoanguka tarehe 11 Septemba 2001 na antena za televisheni zilizokuwa juu yake, vituo vingine vilikimbilia kwenye mlingoti ule wa Armstrong. Na leo, tunapofungua radio ya FM tusikie habari wakati wa mvua, tunakula matunda ya kazi yake.

8. MAFUNDISHO KWETU

La kwanza ni kwa wanafunzi wa fizike. Andika kazi yako katika kaye, tia tarehe, onyesha shahidi. Miezi michache ya kukawia ilimgharimu Armstrong miaka ishirini.

La pili: usiamini kwamba jambo haliwezekani sababu tu limeandikwa hivyo na wakubwa. Pima mwenyewe, tena na tena.

La tatu ndilo kubwa. Armstrong alikuwa na haki katika mambo mengi, nasi hatumhukumu. Lakini haki inaweza kudaiwa na moyo uliotulia, kama Marion alivyofanya, na inaweza kudaiwa na moyo unaojichoma wenyewe. Mtume Paulo alituonya tusilale na hasira. Armstrong alilala nayo miaka mingi, mpaka ikamtenga na mtu aliyempenda kuliko wote.

Kwa hiyo, ndugu yetu, kama una jambo linalokulemea, ikiwa ni kosa ulilotendewa na mwenzako ao huzuni usiyoweza kuieleza, usibaki nalo peke yako usiku. Nenda kwa mchungaji, kwa mwalimu, kwa rafiki wa darasa, useme. Hata wimbi lenye frekansi ya juu kabisa linapata kusikika, kama likipata mkalimani.